Kuikusanya Sunburst: Faili Kamili na Kaseti Kuukuu

Bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilitoa albamu moja tu, Ave Africa, mwaka 1976. Ukiongeza santuri ndogo chache na nyimbo walizorekodi redioni, kazi yao yote inasikilizwa jioni moja na muda wa chai unabaki. Mtu angedhani kuikusanya kwa sauti kamili ni shughuli ya mchana mmoja. Watano kati yetu tumekuwa nayo tangu muhula uliopita, na imetufikisha mahali ambapo hatukupanga kwenda: kwenye makabati ya wazazi wa wanachama wenzetu huko Anderlecht na Molenbeek, tukipekua makasha ya kaseti.

Tuanze na bendi yenyewe, maana hata baadhi ya wanachama waliokulia Tanzania walikuwa hawajaisikia. Mwishoni mwa 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, kwa hoja kwamba ni utamaduni wa kigeni unaowaharibu vijana. Mwaka uliofuata, 1970, Sunburst ikaundwa katika jiji hilohilo. Gitaa lilikuwa la Hembi Flory Kongo, besi ya Bashir Idi Farhan, na mbele ya kipaza sauti alisimama James Mpungo. Walichanganya roki, fanki na soul na midundo ya nyumbani, wakauita mtindo wao kitoto, wakaimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nyimbo zao zina majina kama Enzi za Utumwani na Simba Anguruma. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, litazameni hilo la pili: si "ananguruma" bali "anguruma", ule wakati wa -a- ambao kitabuni unapewa nusu ukurasa na mazoezini tunaukimbia. Bendi ya roki iliuweka kwenye jina la wimbo bila kuomba radhi.

Kwa klabu ya Kiswahili hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kuanza. Kila mwaka tunachagua nyimbo za kuandika maneno yake kwa kusikiliza, halafu tunayajadili na walimu. Taarabu tumeshafanya, dansi tumefanya mara mbili, na safari hii wengi walipiga kura ya roki. Tulipoanza na nakala zilizokuwa zikizunguka kwenye simu zetu, tulikwama mapema. Pale matoazi yanapolia, "s" na "f" za Mpungo zilikuwa kitu kimoja, na wenzetu wawili, mmoja wa Bukavu na mmoja wa Tanga, walibishana juu ya neno moja hadi mlinzi akaja kufunga chumba. Hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake, kwa sababu neno lenyewe halikuwemo kwenye faili. Lilikuwa limekatwa.

Hapa inabidi tueleze kidogo. Sauti iliyo kwenye CD ni namba: sampuli 44,100 kila sekunde, kila sampuli ina biti 16, mara mbili kwa sababu kuna upande wa kulia na wa kushoto. Dakika moja inachukua zaidi kidogo ya megabaiti 10. MP3 ya kiwango cha chini, kilobiti 128 kwa sekunde, inaipunguza dakika hiyo hadi chini ya megabaiti moja. Inafanya hivyo kwa kutupa. Inakisia ni sauti zipi sikio halitazitambua kwa kuwa zimefunikwa na nyingine kubwa zaidi, inaziacha, na mara nyingi inakata pia masafa yote ya juu kuanzia kama hezi 16,000. Kiwango kikishuka zaidi, mkato nao unashuka. Na "s", "sh" na "f" zinaishi hukohuko juu. Wahandisi wa Kijerumani walioitengeneza MP3 waliijaribia, pamoja na mambo mengine, kwa wimbo wa Suzanne Vega, Tom's Diner, sauti ya mwanamke mmoja bila ala yoyote. Tunajiuliza ingekuwaje kama wangepewa bendi ya Dar es Salaam yenye ngoma, matoazi na gitaa la kukwaruza vikigombania nafasi moja.

FLAC, iliyotolewa rasmi mwaka 2001, haitupi kitu. Inatabiri. Ukisikia mtu anasema "haraka haraka", tayari unajua yanayofuata. Hana haja ya kukuandikia, isipokuwa akiamua kuimalizia methali kwa namna yake. FLAC inafanya vivyo hivyo na sauti: inakisia sampuli ijayo kutokana na zilizotangulia, na kuandika tofauti tu kati ya makisio na ukweli. Faili linapungua, pengine kufikia nusu, na likifunguliwa kila namba inarudi mahali pake. Mama wa mwenzetu mmoja alilielewa jambo hili haraka kuliko sisi. Alisema moja ni khanga iliyokunjwa sandukuni, nyingine ni khanga iliyokatwa pindo ili iingie mfukoni. Tukamwongezea kwamba wengine wamekata na jina.

Kwa Kiswahili tumeamua kusema "faili kamili". Kulikuwa na mapendekezo mengine, kama "sauti isiyopotea" na "mfinyo usio hasara", na hilo la mwisho lilichekwa hadi likaondolewa na mwenyewe.

Basi, faili kamili la Sunburst linatoka wapi? Swali hili ni gumu kuliko la FLAC. Enzi hizo Tanzania haikuwa na viwanda vya santuri vya kutegemewa. Bendi nyingi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kila mtu aliiita RTD, na aliyetaka santuri ilibidi apeleke muziki wake Nairobi. Sunburst walitoa santuri ndogo kwa lebo ya Moto Moto ya Nairobi, lakini albamu yao waliirekodi Zambia, nchi ambayo wakati huo ilikuwa imejaa bendi za roki kama WITCH na Amanaz. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983. Kwa miaka hiyo njia ya kutoka studio ya Dar hadi kiwanda cha Nairobi ilizibwa. Ndiyo maana tunaposema "albamu" kwa bendi za Tanzania za miaka hiyo, mara nyingi tunasema kitu ambacho hakikuwepo. Kilichokuwepo ni kanda ya redioni, na msikilizaji aliyeinasa nyumbani kwake.

Hapa Brussels tulianzia pale kila mtu anapoanzia, kwenye soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle, Marolles. Soko lipo kila siku, asubuhi hadi mchana, na santuri za Kiafrika hazikosekani, lakini ni za Kongo. Franco utamkuta, Tabu Ley utamkuta, African Jazz pia ukibahatika. Si ajabu, kwa kuwa Kabasele na wenzake walikuja mjini humu mwaka 1960 wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara, wakarekodi Indépendance Cha Cha hapahapa. Nyuzi za ukoloni zilivuta santuri za Kongo hadi Ubelgiji na zimebaki kwenye dari za nyumba za watu, zinashuka sokoni mwenye nyumba anapofariki. Dar es Salaam haikuwa na uzi wa namna hiyo na Brussels. Asubuhi nne za Jumamosi hatukuona hata lebo moja ya Tanzania, ingawa mwenzetu alipata meza ndogo ya kahawa kwa yuro tano na anaisifia mpaka leo. Santuri halisi ya Ave Africa, ikitokea, huuzwa kwa mamia ya yuro. Bajeti ya klabu yetu kwa mwaka mzima haifiki huko.

Kilichotuokoa ni lebo ya London, Strut, ambayo mwaka 2016 ilitoa Ave Africa: The Complete Recordings 1973–1976. Ndani mna albamu, santuri ndogo, na nyimbo zilizorekodiwa redioni Tanzania mwaka 1973. Tulinunua CD. Kuitoa CD kwenye kompyuta kwa uaminifu nako kuna utaratibu wake: programu inasoma kila sehemu zaidi ya mara moja, inalinganisha, na ikiona tofauti inarudia. Halafu inahesabu alama ya ukaguzi na kuipima dhidi ya alama za watu wengine duniani walioitoa CD hiyohiyo. Zikilingana, una uhakika kwamba umepata kilichomo, si kivuli chake. FLAC yenyewe inahifadhi ndani yake alama ya sauti nzima, kwa hiyo hata baada ya miaka ishirini mtu anaweza kuliuliza faili kama limebadilika, nalo likajibu.

Na lile neno la ubishi? Lilisikika. Bukavu ilishinda. Tanga imekata rufaa, lakini kwa hoja ya maana ya neno, si tena ya sauti, na hilo ni suala la walimu.

Jambo moja ni lazima tulitaje kwa wanaotaka kutufuata. Tulinunua pia, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, mkusanyo wa muziki wa zamani wa Tanzania ulioandikwa "FLAC". Mafaili yalikuwa makubwa na yalifunguka vizuri. Tulipoyatazama kwa programu inayochora masafa ya sauti, ile picha iitwayo spektogramu, kila wimbo ulikuwa umekatwa kama kwa rula pale kwenye hezi 16,000, na juu yake weusi mtupu. Mtu alichukua MP3 akaivisha koti la FLAC. Muuzaji hakujibu barua zetu. Faili kamili linatunza kwa uaminifu kile ulicholipa, nakisi ikiwemo, na jina la mwisho wa faili si cheti cha chochote. Programu za kuchora picha hiyo zinapatikana bure na kazi haichukui hata dakika moja, kwa hiyo pimeni kabla ya kusifia.

Tungeweza kuishia hapo, na toleo hili la jarida lingekuwa na makala fupi zaidi. Lakini kwenye kikao cha Oktoba mwenzetu mmoja, ambaye familia yake ilitoka Mwanza, alileta hoja iliyowagawa wanachama. Alisema sisi tunahangaika na bendi ambayo Waingereza wameshaitunza, kwenye CD inayopatikana dukani, huku kwenye kabati la mjomba wake kuna kaseti alizorekodi kutoka redioni, sauti imechoka, mtangazaji anaongea juu ya utangulizi wa wimbo, na huenda nyimbo nyingine hazipo mahali pengine popote. Wengine walimjibu kwamba hakuna maana ya kutengeneza faili la ubora wa juu kutokana na kaseti mbovu. Si utamwaga maji ya dimbwi kwenye chupa ya kioo? MP3 inatosha.

Tulibishana kwa muda, na sasa msimamo wetu ni kinyume kabisa na hoja hiyo ya dimbwi. Kaseti mbovu ndiyo inayohitaji faili kamili kuliko CD nzuri. CD ya Strut ikiharibika, nyingine ipo. Kaseti ya mjomba ni moja, inachakaa kila inapopigwa, na sauti iliyobaki ndani yake ni kidogo mno kiasi kwamba hakuna cha kupunguza. MP3 inakisia kipi sikio halitasikia, na ikikutana na mvumo wa kaseti na sauti dhaifu ya mwimbaji nyuma yake, inaweza kumtupa mwimbaji pamoja na mvumo. Zaidi ya hapo, vifaa vya kusafisha sauti vinaboreka kila mwaka, lakini haviwezi kusafisha kilichokwisha kutupwa. Wataalamu wa nyaraka za sauti wana kanuni yao ya kimataifa: kisipungue kilohezi 48 na biti 24, na ikiwezekana kilohezi 96, hata chanzo kiwe duni namna gani. Tulipanda tramu namba 44 hadi Tervuren, kwenye jumba la makumbusho la Afrika ya Kati, ambako zimehifadhiwa sauti za tangu mitungi ya nta ya mwanzo wa karne iliyopita. Hakuna anayeiona mitungi hiyo kuwa na sauti nzuri, na hakuna anayependekeza iwekwe kwenye MP3.

Mjomba alikubali, kwa sharti kwamba kaseti zisilale nje ya nyumba yake. Kwa hiyo tunaenda sisi, Jumapili, na kompyuta, kifaa kidogo cha kubadili sauti kuwa namba, na deki ya kaseti iliyonunuliwa Marolles (ndiyo, soko lilitufaa mwishowe). Mkanda wa mpira wa deki ulikuwa umelegea, wimbo ukawa unapanda na kushuka kama mlevi, tulibadilisha. Kichwa cha kusomea kinasafishwa kwa pamba na spiriti kabla ya kila kaseti. Halafu kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa hicho, ambayo wengi hawaijui: inarekebisha pembe. Kila redio kaseti iliyorekodi ilikuwa na pembe yake, na usipoifuata unapoteza sauti zote za juu. Unageuza bisibisi taratibu huku ukisikiliza, na ghafla matoazi yanatokea kana kwamba mtu amefungua dirisha. Mjomba alipoyasikia alinyamaza, kisha akaanza kutaja majina ya watu waliokuwa sebuleni siku ile.

Kaseti ya dakika 90 kwa kilohezi 48 na biti 24 ni kama gigabaiti moja na nusu kabla ya FLAC. Baada ya FLAC haipungui kama tulivyozoea kwenye CD, na sababu yake inafurahisha: mvumo wa kaseti hautabiriki. Wimbo una mpangilio, kompyuta inaweza kuukisia. Mvumo hauna, kwa hiyo lazima uandikwe wote. Tunalipia nafasi kubwa ya kuhifadhi kelele. Tunalipa bila kinyongo, na nakala zinakaa sehemu tatu, mojawapo nyumbani kwa mjomba mwenyewe.

Kuhusu sheria, kwa sababu walimu wameuliza: Ubelgiji inaruhusu mtu kujitengenezea nakala ya matumizi binafsi ndani ya familia yake. Klabu si familia, hata tukiitana dada na kaka. Kwa hiyo mafaili yanabaki kwa wenye kaseti na wenye CD, na klabu inatunza daftari tu: kaseti gani, ya nani, ilirekodiwa lini kama inajulikana, nyimbo zipi, mtangazaji alisema nini. Daftari hilo lina uzito wake. Kwenye redio mtangazaji hutaja bendi, mtunzi, wakati mwingine hata mwaka, habari ambazo haziko kwenye mafaili mengi yanayozunguka, ambako mtu ameandika tu "zilipendwa 07".

Hadi sasa tumemaliza kaseti sita. Tumekuta Mbaraka Mwinshehe kwa wingi, tukakuta Afro 70 ya Patrick Balisidya, ambaye hakuwa mbali na roki alipotaka, na tukakuta tangazo la sabuni ambalo mjomba anaweza kuliimba lote. Upande wa pili wa kaseti ya nne, baada ya taarifa ya habari iliyokatwa katikati, kuna wimbo wa dakika tatu hivi wenye gitaa la kukwaruza na kinanda, unaimbwa kwa Kiswahili, na kaseti inaisha kabla mtangazaji hajarudi. Tumeulinganisha na kila wimbo kwenye CD ya Sunburst, haumo. Hatusemi kwamba ni wao. Sauti ya mwimbaji haifanani sana na ya Mpungo, na miaka ile bendi za vijana zilikuwa nyingi. Lakini mpiga besi wake ni hodari, na maneno yanasikika yote isipokuwa ubeti mmoja.

Mjomba amekubali kuileta kaseti yenyewe, siku moja tu, kwenye kikao cha Alhamisi ya kwanza ya Machi, na atakaa karibu nayo. Walimu waliokuwa na umri wa kusikiliza redio Dar es Salaam miaka ya sabini wanaombwa wafike mapema na wakae mbele. Spika ni mbili na ile ya kushoto inasikika vizuri zaidi.